Mwaka Niliowakataza Watu Kuezeka Baraza

Kosa langu hili nimelipeleka kwa padri mara mbili, na mara zote mbili akaniambia kwamba si dhambi, ni upumbavu tu, na kwa upumbavu hana sala ya kunipa. Basi naliandika hapa. Mwaka mmoja, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, niliwakataza watu wa ukoo wetu wasiezeke paa la baraza la babu zetu. Nililiacha livuje kwa makusudi. Nilifanya hivyo ili kuliokoa.

Kabla hujacheka, ngoja kwanza nieleze nilikuwa mtu wa namna gani. Nilikuwa nimesoma sekondari miaka mitatu kwenye misheni, mbali na kwetu, na nilirudi si kwa kufukuzwa wala kwa ugonjwa. Nilirudi kwa sababu kule tulilala kwenye vitanda vya chuma vilivyopangwa kama vyungu sokoni, na hakuna aliyejua kupika maharagwe. Nyumbani walinipokea kama msomi aliyemaliza, nami sikuwasahihisha. Nikapewa shule ndogo ya kijiji, hatua mia mbili kutoka kitandani kwangu, na hata hizo nilizilalamikia mvua ikinyesha. Mke wangu alizoea kuwaambia wageni, "Huyu bwana yangu iko kama figa. Ukimutoa mu jiko, hana kazi tena."

Baraza letu halikuwa kile kibaraza cha mbele ya nyumba, pale watu wanapokaa kumenya karanga. Lilikuwa nyumba nzima ya mviringo, kubwa, ya mianzi na nyasi, juu ya mlima wetu nyuma ya Karuba. Hakuna aliyejua lilijengwa lini. Babu yangu alilikuta, na babu yake alilikuta. Humo ndimo mashauri ya mashamba yalimokatwa, ndimo mabinti walimoombwa, ndimo marehemu wetu walimolazwa kabla ya kuzikwa. Katikati palikuwa na moto ambao haukuzimwa. Mtu aliyetoka mbali, akiwa na njaa au akiwa na kesi, aliutafuta moshi ule kwanza.

Paa lake lilikuwa limegawanywa kama shamba. Kila nyumba ya ukoo ilikuwa na upande wake, kutoka kileleni mpaka ukingoni, na kila kiangazi ilibidi uuezeke upande wako kwa nyasi mpya. Wanawake walikata nyasi, wanaume walipanda juu na kufunga. Ukisimama mlima wa pili uliweza kulisoma paa lile lote: huyu ameezeka, huyu bado, huyu amefiwa, huyu mvivu. Upande wangu ulitazama magharibi, na kila mwaka ulikuwa wa mwisho. Ulikuwa na rangi ya panya.

Nguzo ya kati haikuwa mali yetu. Ya zamani ilipooza, ililetwa mpya na wakwe, watu wa bibi yangu, wakulima na wawindaji wa msituni upande wa Walikale. Walipomleta binti yao kwetu walikuja na mti huo mabegani, mwendo wa siku nne, wakauchimbia wenyewe. Sharti lao lilikuwa moja: mti ule hauguswi ila nao. Ukioza, waitwe. Ukiinama, waitwe. Sisi ruhusa yetu ilikuwa kuuegemea mgongo tu.

Miaka ya vita vya Wazungu, serikali ilituteremsha wote kutoka mlimani ikatupanga kando ya barabara, nyumba mstari mmoja, ili tuhesabiwe na kuitwa kazini bila taabu. Juu kule likabaki baraza peke yake, pamoja na baba mkubwa, kaka wa marehemu baba yangu, aliyekuwa mchunga moto. Yeye alimwambia polisi kwamba goti lake linapanda lakini halishuki. Polisi akaandika "goti" kwenye karatasi, akaenda zake.

Tuliishi hivyo miaka kadhaa. Kiangazi tulipanda kuezeka, Jumapili baada ya misa tulipanda kunywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na kuzozana. Mashamba yetu tuliyahamishia chini, karibu na nyumba. Ya juu tuliyapumzisha, kama wazee walivyokuwa wakifanya siku zote.

Halafu binamu yangu, mtoto wa shangazi, aliyekuwa karani kwenye biro ya teritwari, yaani ofisi ya serikali huko Masisi, akaja kunitembelea. Alikunywa kimya kikombe cha kwanza, na hilo lilinitia hofu, maana hakuwa mtu wa kunyamaza.

"Kaka," akasema, "kuko Muzungu mumoja anaomba mulima wenu. Anataka kuweka ngombe."

"Mulima wetu uko na watu."

"Uko na muntu mumoja na goti."

"Na baraza!"

"Njo nakuambia sasa. Mashamba yenu ya kule yote imelala. Kwa serikali, udongo yenye kulala iko udongo ya bure, haina muntu, wanaweza kumupatia Muzungu. Watatuma ajenti wa ankete, ule wa kuchunguza udongo, kuangalia. Akikuta ile baraza imesimama, moshi inatoka, ataandika kama mulima uko na wenyewe. Muchunge ile nyumba, kaka. Ile njo kartasi yenu."

Ungedhani nimeelewa. Maneno yalikuwa wazi kiasi kwamba hata mbuzi aliyekuwa akitafuna kamba pale karibu angeyaelewa. Ezekeni, washeni moto, kaeni. Lakini mimi nilikuwa nimesoma.

Katika kitabu chetu cha historia kule misheni kulikuwa na picha ya ngome moja ya Ulaya. Ngome yenyewe haikuwa na paa. Ukuta mmoja ulikuwa umeanguka, na mti umeota dirishani. Chini ya picha waliandika kwamba jengo lile ni monima, yaani jengo la kale la taifa, na kwamba sheria inamkataza mtu yeyote kulibomoa. Picha ile ilikuwa imenikaa kichwani miaka yote hiyo, kwa kuwa sikuwa na mambo mengi mengine mle ndani. Nikawaza: kumbe Wazungu hawalindi nyumba nzuri. Nyumba nzuri wanakaa ndani yake. Wanalinda ile iliyokwisha.

Kiangazi kilipofika, wanawake walikuwa wameshakata nyasi na kuzirundika nje ya baraza. Nikaomba ukoo ukae. Nikasimama, nikawaeleza habari ya ngome. Nikasema mwaka huu tusiezeke. Tuliache baraza lionekane umri wake, mimi nitaandika barua kwa Kifaransa kuomba lilindwe kwa sheria, na ajenti akija ataona kwa macho yake kwamba hii ni monima. Mlima utapona pamoja nalo, milele, si kwa mwaka mmoja mmoja kama tulivyozoea.

Baba mkubwa alisukuma kuni ndani ya moto kwa mguu.

"Mutoto wangu," akasema, "nyumba yenye kuvuya, muntu akipita anasema hawa watu walikufa."

"Baba mukubwa, Wazungu hawaone hivyo. Kwao nyumba ikichakaa, njo heshima yake inapanda."

"Kwao mvua hainyeshe?"

"Inanyesha."

"Basi ni watu wagumu."

Watu wakacheka. Jirani yangu, mama mjane ambaye upande wake wa paa ulipakana na wangu, na ambaye kwa miaka kumi alilalamika kwamba maji ya uvivu wangu yanaingia kwake, hakucheka. Alikuwa amekaa juu ya mzigo wake wa nyasi.

"Huyu kaka hajaezeka siku moja kwa wakati wake," akasema. "Leo amepata kitabu cha kumusaidia."

Wakacheka zaidi, nami nikacheka nao, maana alisema kweli. Lakini walipomaliza kucheka walinikubalia. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Laiti wangenibishia! Walikuwa na mtu mmoja tu aliyesoma, na waliona si vizuri kuwa naye halafu wasimtumie. Nyasi zilizokatwa zikaenda kutandikia mbuzi. Yule mama alibeba zake, akaezeka jiko lake.

Barua niliiandika siku tisa. Ilikuwa na kurasa nne, na neno "kale" lilikuwa humo mara nyingi kuliko jina la Mungu kwenye misale ya padri. Kisha ilibidi niipeleke Masisi mwenyewe, kwa miguu, mimi ambaye sikuwa nimelala nje ya nyumba yangu tangu sekondari. Mke wangu alinifungia viazi vya safari kana kwamba nakwenda Ulaya. Nilifika na malengelenge, nikakaa kwenye benchi ya nje ya biro kutoka asubuhi hadi jua likageuka. Mwishowe binamu yangu akaipokea, akaisoma palepale akiwa amesimama.

"Kaka, umeandika vizuri sana," akasema. "Nani atasoma yote hii?"

Akaipiga muhuri, akaiweka kwenye kikapu cha waya juu ya nyingine. Sijui kama iliwahi kutoka kwenye kikapu kile.

Mvua zikaanza. Yeyote anayeijua milima yetu anajua kwamba mvua ya huko haina haraka. Inaingia asubuhi kama mgeni aliyekuja na mkeka wake. Paa la baraza, lililokosa nyasi za mwaka mmoja tu, likaanza kuvuja mahali pamoja, kisha sita, kisha sikuhesabu tena. Baba mkubwa alihamisha kitanda chake upande huu, upande ule. Kwa kuwa alijua kila upande ni wa nani, matone aliyaita kwa majina yetu. Nilipopanda kumwona alinionyesha sehemu moja, ambapo maji yalikuwa yamechimba shimo la ukubwa wa kikombe kwenye sakafu.

"Huyu ni wewe," akasema. "Umenilowesha tangu asubuhi. Na hauchoke! Kumbe kazi unaiweza."

Nilimwambia avumilie kidogo, ajenti yuko njiani. Nilitazama mianzi iliyoanza kuota ukungu na nyasi zilizolegea, na niseme ukweli wangu wote: nilifurahi. Baraza lilikuwa linafanana na ile picha.

Kikohozi kilimpata baba mkubwa kabla ajenti hajafika. Kilianza kidogo, halafu kikamkunja. Vijana wanne walimbeba kwa kipoyi, kiti cha kubebwa mabegani, mpaka hospitali ya Kirotshe, kule ziwani, nami nikawasindikiza hadi mteremko wa kwanza. Pale akawasimamisha.

"Moto," akaniambia.

"Nitauchunga, baba mukubwa."

"Kila siku."

"Kila siku."

Siku ya kwanza nilipanda. Ya pili nilipanda. Siku ya tatu mvua ilikuwa kubwa, nikamtuma mtu, naye akadhani nimemwambia kesho. Wiki ya pili nilikuta jivu limelowa, nikawasha upya kwa kiberiti, jambo ambalo halikuwahi kufanywa mle, nikashuka bila kumwambia mtu. Wiki ya tatu nilikuwa na mafua. Mlima ule una mteremko mkali, na nyumbani kulikuwa na maharagwe. Sina utetezi mwingine. Nimeutafuta miaka mingi.

Ajenti akaja siku ya Jumanne, bila taarifa, kwa gari dogo lililoishia barabarani. Alikuwa kijana, shingo nyekundu, mpole kabisa. Alikuwa na polisi mmoja na daftari. Akauliza nani anajua Kifaransa, na kijiji kizima kikanielekeza kidole. Nikavaa viatu. Tukapanda.

Njiani nilimweleza habari za baraza, nikichagua maneno yangu mazuri, na yeye akasikiliza akihema. Tulipofika juu akasimama mlangoni, akainama kuchungulia ndani. Hewa ilinuka majani yaliyooza. Kuku wa mtu alikuwa ametagia kwenye kitanda cha baba mkubwa.

"Nani anakaa hapa?" akauliza.

"Baba yangu mkubwa, bwana. Yuko hospitali."

"Tangu lini?"

"Wiki tano."

Akachuchumaa, akaweka kiganja chake juu ya jivu, akakiacha pale kidogo kama mtu anayepima homa ya mtoto. Akakitoa, akakipangusa kwenye suruali. Hakusema kitu kuhusu moto. Aliangalia juu, ambapo mbingu ilionekana sehemu tatu.

"Paa hili liliezekwa lini mara ya mwisho?"

Saa yangu ilikuwa imefika. Nikavuta pumzi.

"Halijaezekwa, bwana! Tumelitunza katika hali yake ya kale."

Nikamweleza ngome. Nikamweleza dirisha lenye mti. Akatabasamu, si kwa ubaya, akasema mji wa babu yake una ngome ya namna hiyo, na yeye alipokuwa mdogo walikwenda kukojoa humo na wenzake. "Lakini ile ni ya mawe," akasema. "Mawe yakianguka bado ni mawe. Hizi ni nyasi, bwana mwalimu. Na kama nyumba hii ni ya maana sana kwenu, mbona hamwitengenezi?"

Swali hilo lilikuwa la baba mkubwa, kwa Kifaransa.

Akaandika kwenye daftari akiwa amesimama: kibanda kimoja, kimeachwa, hakina mwenyeji. Najua aliandika hivyo kwa sababu alinipa daftari nimsahihishie jina la mlima, alilokuwa amelikosea. Nikalisahihisha. Mlima wetu uliingia kwenye kitabu cha ardhi ya bure kwa mwandiko wangu, mwandiko mzuri kabisa, herufi zimelala upande mmoja kama masista walivyonifundisha.

Nilipowaambia watu yaliyotokea, hawakunipiga. Walichukua mundu na panga wakaenda kukata nyasi. Nyasi za wakati wa mvua ni mbichi, nzito, hazishiki, lakini walikata. Jumamosi ile ukoo mzima ulikuwa mlimani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu upande wangu ulianza kuezekwa kabla ya pande za wengine. Yule mama jirani, aliyekuwa hana mwanaume wa kumpandia, alipanda mwenyewe, jambo ambalo desturi haikulijua, na hakuna aliyethubutu kumwambia desturi.

Saa sita polisi akafika. Ardhi iko katika ankete, akasema. Mtu haruhusiwi kujenga wala kutengeneza kitu mpaka shauri lake litakapokatwa. Wanaume wakashuka mmoja mmoja. Mama jirani akabaki juu.

"Mama, shuka!"

"Ngoja nifunge hii."

"Mama, ni amri!"

"Amri inangoja. Mvua njo haingoje."

Akafunga fundo lake, akalivuta kwa meno, ndipo akashuka. Sehemu ile ndogo ya kijani ilionekana kutoka barabarani kwa wiki nzima, kama kiraka kipya kwenye suruali ya marehemu.

Niliandika barua nyingine, fupi. Nikamtuma mtu wa kwenda Walikale kuwaambia wakwe waje haraka, nguzo yao iko hatarini. Mtu huyo alikuta mito imejaa, akachelewa. Na mimi nilikwenda Masisi mara ya pili, nikakaa kwenye benchi ileile, na binamu yangu akatoka nje, akakaa kando yangu. Hakuwahi kukaa kwenye benchi ile. Ilikuwa ya waombaji.

"Imekatwa, kaka," akasema. "Ya ngombe."

"Na baraza?"

"Wameandika kibanda. Kibanda hakina biro yake hapa."

Walikuja kulibomoa asubuhi moja yenye ukungu, vibarua wa yule Mzungu wa ng'ombe, na baadhi yao walikuwa watu wa kwetu kabisa, niliowafundisha kusoma. Walifunga kamba kwenye mianzi ya mlango wakavuta. Nilikuwa nimejipanga kusimama mlangoni. Nilikuwa nimewaambia watu nitasimama mlangoni. Nilisimama chini ya mti wa karibu. Nilidhani baraza litapigana kidogo, litalia, litachukua siku nzima. Lilikaa chini kwa mvuto wa pili, taratibu, kama mzee anayetafuta kiti, na vumbi halikuruka kwa sababu kila kitu kilikuwa kimelowa. Nguzo ya kati peke yake ilibaki imesimama. Wakaichimbua mchana, wakaibeba, na ukungu ulipoondoka tuliiona kutoka barabarani: wameifanya mhimili wa lango la zizi.

Wakwe wakafika siku sita baadaye. Walikuwa watatu, mmoja mzee, wamebeba nyama iliyokaushwa kwa desturi, miguu imevimba kwa njia mbaya. Niliwapeleka mpaka kwenye seng'enge. Waliona shimo, na waliona lango. Mzee wao akaliangalia lile lango, ng'ombe mmoja akijikuna shingo kwenye mti wake.

"Nani aliugusa?" akauliza.

Hakuna mtu aliyenitaja. Wangeweza, watu walikuwa wengi pale. Walitazama chini wote kwa pamoja, wakanificha, na sijawahi kupewa heshima chungu kama ile. Tukashuka kwangu. Mke wangu alikuwa amepika kuku, maharagwe na ugali wa muhogo. Wakwe wakanawa mikono, wakasema asante, hawakula. Nyama waliyoileta waliiacha juu ya jiwe la uani, kwa adabu, wakarudi na njia yao mvua ikiwa inaanza. Tangu siku ile hawajaja kwenye msiba wala arusi kwetu. Bibi yangu alikuwa ameshakufa, nashukuru.

Kule Kirotshe nilikuwa nimekwenda kumwona baba mkubwa mara moja tu, kabla ya hayo ya kamba. Aliuliza paa. Nikamwambia tumeliezeka. Aliuliza moto. Nikamwambia unawaka. Aliuliza upande wangu, nikamwambia safari hii nilikuwa wa kwanza, na akacheka mpaka mganga akaja kuona kuna nini. Nilitoka pale nikiwa na raha, kama mtu aliyefanya tendo jema.

Aliporudi, amekonda lakini kikohozi kimekwisha, alikataa kuingia nyumba yoyote ya barabarani. Alitaka kupanda. Goti lake lilikuwa limepona huko hospitali, maajabu ya Mungu. Nilipanda naye, hatua kwa hatua, na kila kona nilijiambia nitasema kona inayofuata. Nilisema tulipofika kwenye waya.

Hakunigombeza. Alishika waya kwa vidole viwili, katikati ya miiba, akaangalia. Ng'ombe walikuwa wazuri kweli, weupe na weusi, wanono.

"Wakwe walikuja?" akauliza.

"Walikuja, baba mukubwa."

"Walikula?"

"Hapana."

Ndipo akakaa chini, palepale kwenye majani yenye maji, na nilichukua muda mwingi kumwinua.

Nilimtengenezea chumba kwangu. Alikaa mlangoni mchana kutwa, akitazama barabara, na magari yalipopita hakugeuza kichwa. Alikula alichopewa. Watu walipokuja na mashauri yao, mpaka wa shamba, mahari ya binti, aliwaambia, "Muende kwa shefu." Hakuna aliyekwenda kwa shefu, yule chifu wa serikali; walirudi nyumbani wakagombana huko. Alipokuwa akiota moto jikoni kwa mke wangu, alikaa mbali nao, kama mgeni kwenye moto wa watu.

Nikaona nifanye kitu. Nilikuwa bado sijajifunza. Kiangazi kilichofuata nikawaita watu tena, nikawaambia tutajenga baraza jingine, hapahapa chini, dogo, la mviringo, kati ya nyumba yangu na ya jirani. Wachache wakaja kwa huruma. Tukachimba mashimo, tukasimamisha mianzi, tukafunga fito. Nguzo ya kati nilinunua kwa mpasua mbao, maana sikuwa na mkwe wa kumwomba. Niliezeka mwenyewe, kwa wakati wake, nyasi kavu nzuri, mistari imenyooka. Baba mkubwa alitazama kazi hiyo yote kutoka mlangoni bila neno, hata la mzaha.

Nilikuwa juu ya paa, nafunga kilele, yule mama jirani alipopita akitoka kuteka maji. Akatua mtungi. Akalizunguka baraza langu mara moja, taratibu, akigusa mianzi kwa kiganja kama anayechagua mbuzi. Nikamwuliza kutoka juu, nikitegemea sifa, kwa mara moja tu, mbele ya mzee:

"Sasa, mama, unaonaje?"

Akajitwisha mtungi wake, akasema, "Ile ilikuwa inachunga mulima, kaka. Hii yako itachunga nini, barabara ya Muzungu?"